Fedha za maendeleo ya makoloni: maana yake

Fedha za maendeleo ya makoloni zilikuwa fedha zilizopitishwa na Bunge la Uingereza kwa ajili ya miundombinu na huduma katika makoloni yake. Nyingine zilikuwa ruzuku isiyorudishwa, nyingine mkopo wa kulipwa.

Zilichelewa sana kuja. Kwa miaka mingi kanuni ya London ilikuwa kila koloni lijitegemee: barabara na mishahara ya maofisa vitoke kwenye ushuru wa forodha na kodi ya kichwa. Asiye na shilingi za kodi alikwenda kufanya kibarua kwa mzungu hadi apate stakabadhi. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ilikuwa tofauti. Hazina ya Uingereza ndiyo iliyoilipia, zaidi ya pauni milioni 5.

Sheria ya 1929 ndiyo iliyoweka mfuko wa kudumu, usiozidi pauni milioni 1 kwa mwaka. Lengo lake lilisemwa wazi: kupunguza ukosefu wa ajira Uingereza. Koloni likipata fedha za reli, vyuma na injini vinaagizwa kwenye viwanda vya Uingereza, na fedha zinarudi zilikotoka. Shule na zahanati zilipata nafasi ya kweli kwa sheria ya 1940, iliyotungwa baada ya migomo na ghasia za wafanyakazi katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1945 kiasi kikapandishwa hadi pauni milioni 120 kwa miaka 10.

Mradi wa karanga wa Tanganyika haukuwa chini ya mfuko huu, ingawa wengi huuchanganya nao. Ulianza 1947 ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi cha karanga kushindwa kung'oleka. Serikali ilifuta hasara ya pauni milioni 36, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, baadaye iling'olewa.

Hesabu za ruzuku zisomwe pamoja na hesabu za bodi za mazao, yaani vyombo vya serikali ya koloni vilivyonunua mazao ya wakulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa pamba au kahawa Uganda alilipwa chini ya bei ya soko la dunia. Tofauti hiyo iliwekwa akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikaa London, ikiikopesha serikali ileile iliyokuwa ikitoa ruzuku.