Filta ya unyevu kwenye mashine ya kupumulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia (bomba linaloingizwa kwenye njia ya hewa) havuti tena hewa kwa pua, na pua ndiyo huipasha hewa joto na kuilowesha. Gesi ya hospitali nayo huja kavu kabisa. Ndiyo maana kati ya mpira na mashine huwekwa filta ndogo inayodaka joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia.

Dhana: "Filta inambana mgonjwa, bora itolewe."
Ikiwa mpya na kavu, ukinzani wake ni mdogo. Mara nyingi mpira wenyewe hubana zaidi. Ukiitoa bila kuweka njia nyingine ya unyevu, makohozi hukauka na kuziba mpira.

Dhana: "Kengele ya shinikizo ya mashine ikilia, ni kifua kimebana."
Hapa naomba wenzangu wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na theatre (chumba cha upasuaji) tusikilizane. Filta iliyolowa, au iliyorukiwa na makohozi au damu, huziba. Shinikizo linapanda, kifua hakinyanyuki vizuri, hewa inachelewa kutoka: unaapa ni pumu. Mtu anakimbilia dawa ya kutanua njia za hewa kwa nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa), na ukungu wa dawa unazidi kuilowesha filta ileile. Hewa isiyotoka hurundikana mapafuni, presha inashuka, na pafu linaweza kupasuka.

Mgonjwa akibadilika ghafla, mtenganishe na mashine, toa filta, mpumulishe kwa ambu (mfuko wa kubonyeza kwa mkono) yenye oksijeni. Hewa ikiingia kwa wepesi, kosa liko kwenye filta au mashine. Ikiendelea kuwa ngumu, kagua mpira, kisha kifua. Filta haichukui hata sekunde tano kuitoa, na usiihukumu kwa macho: inaweza kuonekana safi huku imejaa maji ndani.

Dhana: "Ukiongeza na chombo cha maji ya moto cha kulowesha hewa ya mashine, unyevu unakuwa maradufu."
Maji hayo huishia kwenye filta. Chagua kimoja. Kwa nebulaiza pia, filta ya unyevu hutolewa kwanza, kisha hurudishwa.

Dhana: "Ya mtu mzima itamfaa na mtoto."
Hii inanitia hofu kuliko zote. Mtoto wa kilo 5 hupata mililita 30 hadi 40 kwa pumzi moja. Filta ya mtu mzima inaweza kubeba mililita 50 ndani yake. Pumzi yote ya mtoto inaishia humo, naye anavuta tena hewa aliyoitoa, kabonidayoksaidi inapanda. Kiwango cha pumzi kinachofaa kimeandikwa kwenye pakiti. Kisome kabla hujaichana.

Dhana: "Kila filta inazuia vijidudu."
Nyingine hutunza unyevu tu. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, hilo lijulikane mapema. Na haihamishwi kwa mgonjwa mwingine, hata ikiwa imetumika kwa upasuaji mfupi. Kwa mgonjwa huyohuyo, fuata muda wa mtengenezaji, mara nyingi saa 24, ila ikichafuka ibadilishwe papo hapo. Mwenye makohozi mazito au ya damu, au joto la mwili chini ya nyuzi 32, apewe chombo cha maji ya moto badala yake.