Kutu usiiogope, ogopa kulika

Mashine yangu ya kukerezea chuma niliikuta Tanga, kwenye banda la marehemu fundi mmoja, imefunikwa turubai na kuku ametaga juu yake. Ni Myford ML7, ya Beeston karibu na Nottingham, Uingereza, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1946. Chumvi ya bahari ilikuwa imeifanya nyekundu kama udongo wa Lushoto. “Mwanangu,” mjane akaniambia, “wa vyuma chakavu wameshakuja mara mbili, wanataka kuipima kwa kilo.” Ziara ya pili walikuwa wameondoka na ndoo ya gia. Hasara hiyo nitairudia.

Kila anayenitumia picha ya mashine anayotaka kununua huanza na swali la kutu. Kutu inatoka. Chuma kilicholika hakirudi, na rangi mpya ya muuzaji huwa imepakwa kukificha. Mimi hulegeza skrubu za kigari kinachobeba kisu, nikiwa karibu na chaki (ile inayobana kazi, si ya ubaoni), kisha nazikaza hadi kigari kiteleze bila kucheza. Halafu nakisukuma kuelekea mkiani, yaani mwisho ulio mbali na chaki. Kikigoma njiani, kitanda (reli ambazo kigari huteleza juu yake) kimelika upande wa kichwa, yaani wa chaki, maana kazi nyingi ni fupi na hufanyiwa hapo hapo. Cha kwangu kiligoma kikiwa kimebakiza robo ya safari. Kwa bei ile nilikubali.

Baada ya hapo pitisha kidole kwenye meno ya gia kubwa ya mwendo wa polepole, duara zima. Chaki ya ML7 hufungwa kwa hesi (mikato kama ya skrubu), na ikikwama kuna wanaofunga gia ili waifungue kwa nguvu. Meno yanakatika. Hesi hiyo hiyo ndiyo sababu usikate chuma mashine ikizunguka kinyume: chaki inaweza kujifungua yenyewe, na hutapenda kuwa mbele yake.

Mhimili unaozungusha chaki hauzungukii beringi za gololi. Umelala kwenye metali nyeupe, ile laini. Nilichomeka mpini wa jembe ndani ya mhimili, nikaweka juu geji ya saa (kipimo chenye sindano kinachoonyesha mchezo mdogo), nikanyanyua. Sindano ikaonyesha milimita 0.08, nyingi mno. Uzuri ni kwamba chini ya vifuniko vya beringi kuna vibati vya matabaka membamba. Nilibandua tabaka moja kila upande kwa wembe, kama kumenya kitunguu, nikafunga tena. Ikabaki 0.03. Ukibandua kupita kiasi mhimili utabana na kuchemka, kwa hiyo zungusha kwa mkono kwanza, na hakikisha vikombe vya oili vinadondosha.

Kutu ya vipande vidogo niliiondoa kwa ndoo ya plastiki, maji, magadi yale yale ya kulainishia maharage, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye nondo chakavu. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromiamu. Fanya nje, mbali na jiko, maana mapovu yale ni hidrojeni. Kitanda chenyewe sikukigusa kwa msasa. Dizeli, kitambaa na subira ya siku tatu.

Sasa zile gia zilizoondoka na wa vyuma chakavu: ndizo hupanga hatua ya hesi unayokata, yaani umbali kati ya jino na jino la hesi. Skrubu inayovuta kigari ni ya inchi, hesi 8 kwa inchi moja, na bolti zetu madukani ni za milimita. Njia safi ya kutoka inchi kwenda milimita ni gia ya meno 127, pandikizi kubwa ambalo halikai kirahisi kwenye mashine ndogo hii. Nikatafuta gia ya meno 21. Ukiipanga 21 kusukuma 50, kisha 30 kusukuma 40, unapata hatua ya milimita 1.000125, na nati ya M6 (ya bolti ya milimita 6) haitagundua.

Mwisho nilikereza ncha mbili za kipande cha urefu wa milimita 150, bila kukishika mkiani, nikapima unene wa kila ncha. Tofauti ilikuwa milimita 0.06: meza yangu ilikuwa imekipotoa kitanda. Kipande cha kopo la soda chini ya mguu wa mkiani, nikakereza tena, 0.01. Kopo hilo bado lipo pale.