Bangi kujaa mtaani hakumpi mgonjwa dawa

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya presha. Aliiona karatasi ya kukusanyia sahihi za ombi letu kwa Bunge, la kutaka dawa inayotokana na bangi isajiliwe kwa wagonjwa, hapo kwenye kaunta ya famasi yangu, akaisoma mpaka mwisho, kisha akasema: "Daktari, mnajisumbua bure. Bangi Malindi hii imejaa. Mwenye mgonjwa wake si anunue tu?" Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wawakilishi wadi, kwa wauguzi, hata kwa ndugu wa wagonjwa wenyewe. Wengi hawasemi kwa ubaya. Lakini ni sawa na kumwambia mwenye kiu kwamba maji yapo tele baharini, nami nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja. Najibu hapa.

Naanza na hesabu, kwa sababu ufamasia ni hesabu. Chukua mtoto wa kilo 15 mwenye kifafa kisichosikia dawa, tuseme ugonjwa wa Dravet. Dozi ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, iliyopimwa kwenye majaribio huanza miligramu 5 kwa kilo kwa siku, ikapandishwa hadi 10, wengine hadi 20. Tushike 10. Mtoto wetu anahitaji miligramu 150 kwa siku. Epidiolex, dawa ya maji ya CBD iliyosafishwa, ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hivyo mama anavuta mililita 0.75 asubuhi kwa bomba lisilo na sindano, 0.75 nyingine jioni, basi. Sasa tuje kwenye msokoto. Bangi ya vichochoroni inapendwa kwa kulevya, yaani kwa THC, kemikali yake inayolevya. Tuseme, kwa kukadiria tu, ina THC asilimia 10 na CBD asilimia 1. Kupata zile miligramu 150 za CBD utahitaji gramu 15 za majani, na ndani ya gramu hizo mna miligramu 1,500 za THC. Dronabinoli, ambayo ni THC ya maabara na imekubaliwa Marekani tangu 1985, mtu mzima anayepewa ili arudishiwe hamu ya kula huanzishwa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Zisome tena namba hizo, ukikumbuka kwamba mtoto ana kilo 15 na kwamba dozi hii ni ya kila siku.

Na hayo ni makadirio yangu. Muuzaji hajui asilimia, mnunuzi hajui, mimi sijui. Mzigo wa mwezi huu una nguvu hii, wa mwezi ujao una nyingine, na hakuna aliyepima kama una ukungu au dawa za kuua wadudu. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshushwa na kemotherapi hafai kuvutishwa ukungu mapafuni. Hilo peke yake lingetosha.

Kuna wanaoniambia basi asivute, ale. Kula kuna hatari yake. Ukivuta, THC inafika kichwani kwa dakika chache, unajua umefika wapi, unaacha. Ukila, inapita kwenye ini kwanza, ini linaigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na inachukua saa moja hadi mbili kabla hujahisi lolote. Mzee wa watu anapewa hamri moja lililochanganywa bangi, anangoja, haoni kitu, maumivu yako pale pale, anakula la pili. Usiku wa manane moyo unamwenda mbio, anaona watu ukutani, nyumba nzima haina usingizi, na asubuhi hakuna anayethubutu kumweleza daktari kilichotokea.

Siri hiyo ndiyo inayonitisha kuliko mmea wenyewe. Mgonjwa akinificha, siwezi kumlinda. CBD inagombana na dawa nyingine kwenye ini. Anayemeza wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake inaweza kukataa kuganda. Mtoto aliye kwenye klobazamu, dawa ya kifafa, anaweza kusinzia kutwa nzima, kwa kuwa dawa inazidi mwilini bila dozi kuongezwa. Aliye kwenye valproeti, na watoto wa kifafa wengi wamo, anahitaji vipimo vya ini. Haya yote yanasimamiwa vizuri kama kuna agizo la daktari, faili na kipimo cha damu. Hayasimamiki kama mama anaingia kliniki akiomba Mungu asiulizwe. Anayesema "anunue tu" anamsukuma mama huyo gizani akidhani anamwonea huruma.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 haimjui mwenye nia njema na msokoto mfukoni. Inamjua mwenye agizo la daktari: katika kifungu kile kile kinachokataza kuwa na dawa hizo, ametengwa kando daktari, mfamasia aliyesajiliwa, na mtu aliyepewa kwa matibabu kwa agizo. Watu hushtuka nikiwaonyesha kifungu hicho. Mlango uliandikwa zamani. Kinachokosekana ni kitu cha kupitisha mlangoni: dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, mwongozo wa nani aandikiwe na nani aandike, na msambazaji wa kuileta. Kwenye rafu yangu hakuna hata chupa moja.

Chupa za mtandaoni nazo naombwa nizitolee maoni kila mara. Watafiti Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni, wakazipima, na matokeo yakachapishwa 2017. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo zilikuwa 26. Kati ya zote 84, 18 zilikutwa na THC. Huo ndio ushauri wangu wote kuhusu chupa hizo.

Upande wa pili wako wanaotangaza kwamba bangi inaponya saratani. Haiponyi. Hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha hivyo, na anayemwachisha mtu kemotherapi kwa maneno hayo anamuua. Ushahidi ulio mzuri ni mwembamba kuliko wanaharakati wenzangu wanavyopenda kusema: aina chache za kifafa kikali cha utotoni, kichefuchefu cha kemotherapi, kukakamaa kwa misuli kwa wenye multipo sklerosisi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hata kwenye kichefuchefu, ondansetroni ni bei nafuu na ndiyo ya kwanza kutolewa. Kwenye maumivu ya muda mrefu mambo yamekaa vibaya zaidi. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa maumivu ilikataa kuyaidhinisha matumizi hayo kwa sababu ushahidi haujatosha. Najua wagonjwa wanaoapa kwamba inawasaidia, na siwaiti waongo. Sijui niwaweke wapi, na kitabu chochote kinachosema kinajua kwa uhakika nakishuku.

Kwenye kifafa nina uhakika zaidi. Jaribio la 2017 lilichukua watoto na vijana 120 wa Dravet. Waliopewa CBD, wa katikati yao alitoka kwenye mitukutiko ya kifafa 12 hivi kwa mwezi akafika 6 hivi. Waliopewa dawa bandia walikaa karibu pale pale, kwenye 14. Kati ya wale wa CBD, waliopona mitukutiko kabisa walikuwa asilimia 5. Si muujiza. Lakini mzazi aliyekesha na mtoto anayetukutika anajua nusu ni kitu gani.

Nikiambiwa Malindi haiwezi kusimamia dawa ya namna hii, nawaelekeza kliniki ya methadoni. Tangu 2015, hapa hapa mjini, watu waliokuwa wakitumia heroini wanapanga foleni, wanakunywa kipimo chao mbele ya mhudumu, jina linaandikwa, chupa inafungiwa. Methadoni iko kwenye Jedwali la Kwanza la mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, jedwali lile lile lenye mofini, dawa ya maumivu makali, na lenye bangi. Mkataba huo, ambao watu huutaja kama ukuta, katika utangulizi wake wenyewe unasema matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima katika kupunguza maumivu. Na tarehe 2 Desemba 2020 nchi wanachama wa tume ya Umoja wa Mataifa zilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lile la dawa zilizodhaniwa hazina faida kubwa ya tiba. Lesotho ilikuwa imeshatoa leseni tangu 2017, Zimbabwe ikafuata 2018. Mji uliojifunza kupima methadoni kwa mililita hauwezi kushindwa na CBD, ambayo hailevyi.

Nalielewa pia jambo linalowafanya akina mama wa hapa wanune nikitaja neno bangi. Wamewapoteza watoto kwa unga, yaani heroini. Wanajua mtoto alianza na nini, au wanaamini wanajua. Na THC kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua ina hatari ya kweli, hasa kwenye familia zenye ugonjwa wa akili. Sitalificha hilo ili nipate sahihi. Ndiyo maana nakasirika kampeni za siasa zinapotuchanganya. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipoleta pendekezo la mswada wa bangi 2018 akiwa mwenyewe anaugua saratani, mgonjwa alikuwa mle ndani, japo pamoja na mambo mengine mengi. Kufikia uchaguzi wa 2022, Profesa Wajackoyah, mgombea urais, alipozunguka nchi akisema bangi na ufugaji wa nyoka vitalipa deni la taifa, mgonjwa alikuwa ametoweka kabisa. Tangu hapo nikisimama kwenye kikao chochote, watu wanataka kujua nyoka nao wako wapi.

Uingereza inatufundisha kitu kibaya zaidi. Juni 2018 mafuta ya Billy Caldwell, mtoto mwenye kifafa, yalichukuliwa uwanja wa ndege wa Heathrow, nchi ikapiga kelele, na kufikia tarehe 1 Novemba mwaka huo huo sheria ikabadilishwa. Wanaharakati walishangilia. Kisha madaktari wa huduma ya umma wakaogopa kuandika, miongozo ikawa mikali, na familia nyingi zikaishia kulipa kliniki za binafsi. Ruhusa walikuwa nayo. Dawa hawakuwa nayo. Mofini imetufanyia vivyo hivyo kote Afrika: halali kisheria, na bado mtu anakufa akipiga kelele kwa sababu kituo cha karibu hakina, au anayeruhusiwa kuiandika hayupo. Uganda waliliona hilo na 2004 wakawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kuandika mofini. Hatua hiyo moja imefikisha dawa vijijini kuliko hotuba zote.

Shaka yangu kubwa ni bei. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani 2018, bei yake ilitajwa kuwa kama dola 32,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. SHA, bima ya afya ya serikali, hailipi kitu cha namna hiyo, na sioni itakavyolipa. Tena kuna watoto wa Magarini na Ganze ambao kifafa chao kingetulia kwa fenobabitoni, dawa ya shilingi chache, nao hawaipati mwaka mzima bila kukatika. Kuna usiku najiuliza kama muda huu ningeuweka wote kwenye fenobabitoni ningesaidia watoto wengi zaidi. Pengine ndiyo. Lakini yule ambaye amepewa fenobabitoni, karbamazepini na valproeti na bado anaanguka mara kadhaa kwa siku, sina cha kumwambia mama yake, na jibu la "anunue tu" sitalitoa.

Kwa hivyo ombi letu kwa Bunge, ambalo Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kulipeleka, tumelifupisha. Tumefuta maneno "kuhalalisha bangi" kila yalipotokea, na baadhi ya wenzetu wameudhika. Tumebakiza kusajiliwa kwa CBD iliyosafishwa kwa kifafa sugu kwanza, ununuzi wa pamoja wa serikali badala ya kila mzazi kujitafutia, na kutafuta watengenezaji wa bei nafuu. Tunalobishania bado ni nani aandike. Mjumbe mmoja anataka mtaalamu wa mishipa ya fahamu peke yake. Mimi nimekataa. Mzazi wa Faza, kule visiwa vya Lamu, anapanda boti mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen mpaka hapa kwetu, kisha Mombasa, akiwa na mtoto anayeweza kuanguka majini. Mtaalamu aanzishe dozi, sawa. Kuiendeleza na kupima ini kila baada ya miezi michache, afisa wa kliniki wa Lamu anaweza, na nataka hilo liandikwe kwenye ombi kabla hatujaliwasilisha.