Mipaka ya kikatiba ya dhamana, faini na adhabu

Mtu akikamatwa Kirumba au Igoma, jijini Mwanza, na kufikishwa mahakamani, dola inaweza kumbana kwa njia tatu: kumweka mahabusu katika gereza la Butimba akisubiri kesi, kumtoza fedha, au kumwadhibu akipatikana na hatia. Mipaka ya kikatiba ni masharti ya sheria mama yanayoizuia dola, Bunge likiwemo, kupita kiasi katika mambo hayo. Marekani iliyaweka yote katika sentensi moja, Marekebisho ya Nane ya mwaka 1791, yaliyofuata maneno ya Sheria ya Haki ya Uingereza ya mwaka 1689: dhamana na faini zisiwe za kupindukia, na adhabu isiwe ya kikatili na isiyo ya kawaida. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haina sentensi ya namna hiyo, kwa hiyo mipaka yetu hupatikana kwa kusoma pamoja ibara kadhaa za haki zilizoingizwa mwaka 1984.

Dhamana si adhabu, wala si kufutiwa kesi, ingawa jirani akimwona mshtakiwa mtaani kesho yake huamini kwamba kesi imezimwa. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, inayoshikiliwa na wadhamini. Msingi wake ni Ibara ya 13(6)(b), inayosema mtu asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika, na Ibara ya 15, inayolinda uhuru wa mtu. Kesi iliyochora mpaka wa kunyima dhamana ilianzia Mahakama Kuu ya Mwanza, ambako Jaji James Mwalusanya, katika shauri la mshtakiwa Daudi Pete, alibatilisha kifungu cha sheria ya mwenendo wa jinai kilichonyima dhamana kwa kila aliyeshtakiwa kwa kitendo cha shambulio kubwa au cha kuwa na silaha ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na matokeo hayo, lakini si na hoja zote: ilisema kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe ni kumtendea kama mfungwa, ila kifungu chenyewe kilikuwa kipana mno na hakikuweka utaratibu wa kufuatwa. Hata hivyo ushindi huo haukufuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana iliyomo katika sheria hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba orodha hiyo haivunji Katiba.

Kwa makosa yenye dhamana, sheria ya mwenendo wa jinai inataka kiwango chake kisiwe cha kupindukia, na Mahakama Kuu inaweza kukipunguza. Kwa maoni yangu, hapa ndipo haki hupotelea mara nyingi. Mvuvi wa Ukerewe anayetakiwa kuleta wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya mtendaji na hati ya kiwanja, ana dhamana ya karatasi tu iwapo ndugu zake wote wanaishi katika nyumba zisizo na hati.

Kuhusu faini, Kanuni ya Adhabu inasema kwamba pale sheria isipotaja kikomo, kiwango hakina ukomo lakini hakitakuwa cha kupindukia. Swali gumu zaidi ni la kutaifisha mali. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, ikishughulikia gari la Land Rover ambalo serikali ya jimbo ilitaka kulitaifisha, lililonunuliwa kwa takriban dola 42,000 huku faini ya juu ya kosa ikiwa dola 10,000, ilisema kinga dhidi ya faini za kupindukia inazibana pia serikali za majimbo. Mwenye mtumbwi na mashine, aliyekutwa na nyavu haramu, ataona mara moja kwa nini hoja hiyo inamhusu.

Kwa adhabu, Ibara ya 13(6) inakataza kumtesa mtu, kumwadhibu kinyama au kwa namna inayomtweza, na inakataza pia kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo alipotenda kosa. Mwaka 1994 Mwalusanya, safari hii akiwa Dodoma, alitangaza kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaiacha kwa kuwa Ibara ya 30(2) inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kosa liko mahali pengine: sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ya kukusudia inakiuka haki ya kuishi, kwa sababu haimruhusu kupima mazingira ya kila mshtakiwa.