Shrewd: mjanja, ila mjanja wa kusifiwa

Hili neno nililisoma "shred" kwa muda mrefu na hakuna aliyenirekebisha, kumbe linatamkwa shruud, hiyo u unaivuta. Maana nayo nilikuwa nimeshika nusu, kamusi inakupa "mwerevu" halafu basi, sasa mwerevu si ndo clever?

Shrewd ni mtu anayeusoma mchezo. Chukulia mtu anataka kununua gari lililotumika, anaona muuzaji kila baada ya dakika mbili anachungulia simu, na buti lishasafishwa halina hata kitambaa, kama mtu anayehama kesho. Basi yeye hana papara, anazunguka gari, anabonyeza tairi kwa mguu, anasema acha nikafikirie. Hajafika getini bei ishashuka. Hajadanganya neno hata moja, kaona tu mwenzie ana haraka akaitumia. Huyo ndo shrewd. Mwenye digrii tatu angeweza kulinunua gari hilohilo kwa bei ya kwanza na bado akabaki clever vizuri tu.

Kwa Kiswahili mimi naona lililo karibu ni mjanja, sababu mjanja nalo lina sura mbili, unaweza kumsifia nalo mtu au kumchoma. Na shrewd lilianzia pabaya kabisa, lina undugu na shrew, yaani kirukanjia, kale kamnyama kama panya kenye pua ndefu ambako Waingereza wa zamani walikaogopa wakidhani kanaleta mabaya. Karne ya 14 ukimwita mtu shrewd umemwita mwovu, sifa ilikuja baadaye sana, kuanzia karne ya 16 hivi.

Angalia Mathayo 10:16. Biblia ya King James ya 1611 iliandika wise as serpents, NIV, tafsiri ya Kiingereza cha kisasa, ikaweka shrewd as snakes, sisi tunasoma "busara kama nyoka". Busara kwa nyoka naona imepoa mno bwana, busara ni ya mzee aliyekaa akatulia.

Utalikuta sana na guess, move na investor. Shrewd guess ni kubahatisha ila una dalili mkononi. Cunning ni jirani yake, ila hilo mara nyingi lina harufu ya hila.

Mtu akikwambia you're shrewd kwenye biashara, sema asante. Rafiki akikwambia hivyo mkishamaliza kugawana bili, muulize vizuri anamaanisha nini.