Jinsi jeni za rangi zinavyokutana katika nyoka wa mahindi

Nyoka wa mahindi, ambaye wataalamu humwita Pantherophis guttatus, hana sumu na asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Aliye wa kawaida ana mabaka mekundu yenye ukingo mweusi juu ya mwili wa rangi ya chungwa. Wafugaji wanaposema kwamba jeni za rangi zimeungana, hawamaanishi kuwa zimechanganyika kama chai na maziwa. Kila jeni hubaki kamili, na mara nyingi kazi ya jeni iliyobadilika ni kuondoa kitu fulani katika ngozi.

Badiliko linaloitwa ameli huondoa melanini, yaani weusi: macho huwa mekundu na kingo za mabaka huwa nyeupe. Dume wa namna hiyo alikamatwa North Carolina mwaka 1953, na mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa hali yake inahusiana na kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni ya OCA2, jeni ileile ambayo mabadiliko yake husababisha aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Badiliko la pili, aneri, huondoa wekundu na kumwacha nyoka akiwa wa kijivu na mweusi.

Yote mawili ni fiche, kwa maana kwamba mtoto hayaonyeshi mpaka arithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo ukimpandisha ameli kwa aneri, watoto wote hutoka na rangi ya kawaida, jambo linalowavunja moyo wafugaji wengi wapya, ilhali kila mtoto amebeba nakala moja ya kila badiliko. Hao wakizaana wao kwa wao, katika kila mayai 16 hutarajiwa 9 ya kawaida, 3 ameli, 3 aneri na 1 lenye yote mawili, ambalo huitwa theluji: mtoto mweupe mwenye wekundu hafifu, ambaye mabaka yake bado yanaonekana ukimsogeza kwenye mwanga.

Hesabu hiyo ni ya uwezekano, wala si ahadi, kwa sababu kila yai hupigiwa kura yake peke yake. Mayai 16 yanaweza kuanguliwa yote bila theluji hata mmoja, na nafasi ya kutokea hivyo ni takriban asilimia 36. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kumpandisha mbebaji wa yote mawili kwa theluji mwenyewe, kwani hapo mtoto mmoja kati ya wanne hutarajiwa kuwa theluji.

Haya yote yanahusu jeni zilizo mahali tofauti. Ultra, badiliko jingine linalofifisha weusi, na ameli, kinyume chake, ni aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni moja yanayogombea nafasi ileile, na ndiyo maana ultra akizaa na ameli watoto hawarudii rangi ya kawaida, bali wote huwa na weusi uliofifia, kati ya baba na mama. Wafugaji huwaita ultrameli, nao wakizaana, hutarajiwa robo ultra, nusu ultrameli na robo ameli. Kwa hiyo ultrameli akizaa na mwenzake wa aina hiyo, hakuna uhakika wa kupata ultrameli peke yao.