Maziwa hayasafishi asbesto mapafuni

Imani ya kunywa maziwa baada ya kazi ya vumbi ni ya siku nyingi. Lakini maziwa huenda tumboni, wakati nyuzi za asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mabati ya paa) hukwama ndani kabisa ya mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 10 hadi 40. Kinga ni kuzuia vumbi lisiruke. Lowesha bati la asbesto kwa maji yenye sabuni kidogo, ukinyunyiza taratibu (maji ya presha hutawanya nyuzi), kisha fungua skrubu na ulishushe zima. Usifagie pakavu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Vaa ya FFP3 (daraja la barakoa inayochuja vumbi laini sana), tena unyoe ndevu, maana zikiwepo hewa hupenya pembeni. Mabaki yafungwe kwenye plastiki nene, tabaka 2. Ovaroli isifuliwe nyumbani.